Lusani Isiyougua

Mutembei, karani wa kituo cha maziwa cha Kibirichia, hakuwa mtu wa kueneza uvumi. Alikuwa na sauti kubwa tu, na mbele ya foleni ya watu sauti kubwa hufanya kazi ileile. Asubuhi hiyo Kajuju alipoutua mkebe wake juu ya meza, Mutembei alikichovya kipimo ndani ya maziwa, akakisoma, akaridhika, kisha akasema:

"Mama, kuna msichana wa Embu, yule wa chuo. Amepiga simu yako ikakataa, akapiga yangu. Amesema nikwambie Kajuju ako na virusi lakini hana dalili. Usiogope. Ukipata nafasi uende Embu akueleze."

"Nani ana virusi?"

"Si wewe ndiye Kajuju?"

Mtu mmoja katika foleni aliangusha kifuniko cha mkebe, kikabingirika hadi mlangoni, wala hapakuwa na aliyekifuata. Kajuju aliyatazama maziwa yake yakimiminwa ndani ya pipa pamoja na ya wengine. Alitaka kuuliza swali la pili, lakini hakujua ni lipi lilipaswa kutangulia.

Msichana huyo alimkumbuka vizuri. Aliitwa Wawira, naye alikuwa amepita katika mashamba yao wakati wa kiangazi akikusanya majani ya malisho. Katika shamba la Kajuju aliomba majani ya lusani, yale malisho yenye maua ya zambarau ambayo ng'ombe huyapenda kuliko nyasi za nepia. Hakumdunga Kajuju sindano. Hakumchukua damu wala mate. Alikunywa chai, akashukuru, akaenda zake. Lakini majani yale aliyachuma Kajuju mwenyewe, kwa mkono wake mtupu, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akiutazama mkono huo. Huenda siku hizi hawahitaji damu. Huenda jasho la kidole juu ya jani linatosha.

Alipofika nyumbani alisimama mbele ya kioo cha kabatini. Aliona mwanamke mwenye afya, mwenye mashavu, aliyevaa kitambaa cha kijani kichwani. Akautoa ulimi. Ulikuwa ulimi tu.

Majirani walikuwa wamekwisha kuyapanga mambo kwa namna yao. Marehemu mumewe alifanya kazi ya kufunga miraa huko Laare kwa miaka mingi, akirudi nyumbani mara chache, na kifo chake kilitokana na kifua. Kwa watu waliokuwa wakitafuta maelezo, hayo yaliwatosha. Adhuhuri jirani yake Angeline aliingia na chupa ya supu na kikombe.

"Mama Mwendwa," alisema huku akimimina, akimwita kwa jina la mwanawe, "siku hizi hii maneno si kama zamani. Dawa iko. Kuna mtu kwetu anameza tangu nizae kifungua mimba, na analima kukupita wewe."

"Anameza dawa ya nini?"

"Ya hiyo kitu."

"Angeline, mimi siumwi na chochote."

"Ndiyo! Si Mutembei amesema? Hauna dalili."

Kajuju aliinywa supu kwa sababu ilikuwa nzuri. Angeline alipokuwa akiondoka alikichukua kikombe alichokuwa amekuja nacho, akakitia peke yake ndani ya mfuko wa nailoni, akaufunga mfuko huo fundo.

"Kikombe kimefanya nini?" Kajuju akauliza.

"Kisivunjike," Angeline akajibu haraka, ingawa kilikuwa kikombe cha bati.

Kesho yake Kajuju alikwenda Embu. Maabara ya chuo ilikuwa chumba kirefu chenye baridi na mashine zilizonguruma kwa sauti ya chini. Wawira alimvutia kiti, akimwita nyanya kwa lugha ya kwao.

"Karibu, cucu. Keti."

"Nimeketi. Niambie nitakufa lini."

"Kufa? Nani amesema mambo ya kufa?"

"Wewe umesema nina virusi."

"Mimi? Nilisema Kajuju iko na virusi."

"Kajuju ni mimi!"

"La, cucu, Kajuju ni mfuko." Wawira alilifungua jokofu, akautoa mfuko mdogo wa karatasi ulioandikwa jina hilo kwa kalamu nyeusi. "Kila mfuko tuliupa jina la mwenye shamba. Basi sisi hapa husema Kajuju iko, Kailemia haina, Naftaly haina. Ni mazoea tu."

"Na Mutembei akasikia 'ako'."

"Au nilisema 'ako' kweli. Huku kwetu mtu husema 'ako' hata kwa gari."

"Ulipaswa kusema: lusani ya Kajuju ina virusi. Hapo hata mlevi asingekosea."

"Ndiyo, cucu," alisema Wawira akiinamisha uso, na Kajuju hakuweza kutambua kama alikuwa akiona haya au akizuia kicheko.

Kajuju alipumua. Mwili wake ulirudi kuwa wake. Lakini pumzi hiyo haikuwa imemalizika alipolikumbuka shamba.

"Basi mgonjwa ni lusani."

"Si mgonjwa. Ina kirusi, lakini haiugui."

"Majani hayatakunjamana?"

"Hapana."

"Haitadumaa? Haitapata madoadoa?"

"Hapana. Ukiisimamisha kando ya ile isiyo na kirusi huwezi kuzitenganisha. Hata mimi siwezi. Mashine ndiyo iliyoona."

"Ni vidukari vilivyokileta? Nilivipulizia majivu mwaka uliopita."

"Vidukari havikibebi, kwa kadiri tunavyojua. Panga pia halikihamishi. Hata ukiliunganisha shina lenye kirusi na lisilo nacho, hakivuki. Kinakaa ndani ya chembe za mmea. Chembe ikigawanyika, nacho kinagawanyika pamoja nayo. Kutoka mmea mmoja kwenda mwingine hupita katika mbegu na katika chavua ya maua. Basi. Mama humpa mtoto, na baba pia."

"Kama pua ya ukoo."

"Karibu hivyo."

"Na dawa yake?"

"Hakuna."

Kajuju aliikusanya mikono yake mapajani. Alikuwa amesoma shule ya misheni hadi darasa la saba, wakati mwalimu alipomtaka mtoto airudie kauli yote kabla ya kuketi, na sasa aliirudia polepole, neno baada ya neno. "Kuna kitu ndani ya lusani yangu. Hakionekani, hakiumizi, hakiambukizwi kwa kugusana, hakina dawa, na kitakaa katika mbegu yake hata nikishakufa."

"Umeelewa vizuri sana."

"Sijaelewa hata kidogo. Kama hakifanyi kitu, kwa nini mnakiita kirusi?"

"Kwa sababu ndivyo kilivyo." Wawira alijikuna shingo. "Na pia, cucu, hatuna hakika kwamba hakifanyi kitu. Labda kinapunguza mavuno kidogo. Labda kinausaidia mmea. Kuna wanaosema hivi na wanaosema vile. Bado tunatafuta."

"Kwa hiyo hata ninyi hamjui."

"Hatujui."

Jibu hilo lilimfuata hadi Kibirichia. Kule viazi ndivyo vilivyowafundisha watu maana ya ugonjwa. Mnyauko ulipoingia katika mashamba ya viazi miaka ya nyuma, waliosubiri waone kwanza walipoteza udongo wao kwa misimu mingi. Tangu wakati huo, Kiunga, mwenyekiti wa kikundi chao cha wafugaji na wakulima, alikuwa na amri moja tu: mmea wenye ugonjwa hung'olewa siku ileile, pamoja na majirani zake wote. Mwenyewe alikuwa ameling'oa shamba lake zima huku mkewe akilia. Kajuju hakuwa na nepia ya kutosha, wala shamba jingine. Lusani hiyo ndiyo iliyowalisha ng'ombe wake katika ukame, na ilitokana na mbegu ya mama mkwe wake, marehemu Ciakuthii, ambayo hakuna duka lililoiuza. Ikisemwa kwamba inaugua, ingekwisha kwa asubuhi moja.

Alimkuta Angeline zizini, akimkamulia ng'ombe bila kuombwa.

"Angeline, nimetoka Embu. Sikiliza."

"Keti kwanza, umechoka. Mimi ndiye niko na habari." Angeline aliisogeza ndoo. "Jana kikundi kilikaa. Unajua ile mbegu yako ya lusani? Kikundi kitaichukua yote! Kila mama atapanda mvua ikianza. Kiunga mwenyewe alisimama akasema, 'Huyu mama hajawahi kutuomba kitu, na sasa ni mgonjwa. Tukipanda yake, tutakuwa tumemshika mkono.' Watu walilia. Mimi nililia sana."

Kajuju akauliza kama mtu anayeulizia mvua: "Na kama mgonjwa angekuwa lusani?"

"Uui! Saa hii jembe lingekuwa hapa. Kwani humjui Kiunga?"

Kajuju aliichukua ndoo, akaenda kuyachuja maziwa.

Alinyamaza siku hiyo, na siku iliyofuata akaona kwamba kunyamaza kulikuwa kumegeuka kuwa jibu. Watu walimwamkia kwa upole mpya. Kanisani aliachiwa nafasi ya kuketi, tena nafasi pana kupita kiasi. Alipokwenda kituoni, Mutembei aliunong'oneza uzito wa maziwa yake, kana kwamba kilo nazo ni siri. Siku moja, wageni wawili walipokuwa wameketi muda mrefu wakimtazama kwa huruma, alijikuta amekohoa ili wasione wamekuja bure. Walipoondoka alikasirika sana, lakini hakujua amkasirikie nani.

Kila asubuhi aliingia katika lusani, akaligeuza jani baada ya jani. Alitamani aone doa moja tu. Kama angeliona doa, angejua la kufanya. Lakini mimea ilisimama mibichi, mizito, yenye nyuki, na kadiri ilivyopendeza ndivyo alivyozidi kuishuku. Alianza kuyatazama hivyo mambo mengine pia: ndama aliyekuwa akirukaruka, ukuta usio na ufa, Angeline mwenyewe na meno yake meupe. Ni nani aliyekuwa mzima hapo? Na mtu angejuaje?

Kisha ikafika siku ya kugawa mbegu. Kikundi kilikuja nyumbani kwa Kajuju. Wanawake walitandika turubai uani, wakayapiga maganda makavu yaliyojikunja kama konokono, wakapepeta. Mbegu zilibaki chini, ndogo, za rangi ya haradali. Kiunga alisimama pembeni akiwa na fimbo, Mutembei akiwa na mizani. Wa kwanza kukitandaza kitambaa chake alikuwa Angeline.

"Nitilie vizuri, Mama Mwendwa. Mimi sijawahi kuwa na lusani. Hata shamba langu halijui jina lake."

Kajuju aliikusanya mbegu kwa viganja viwili, akaiinua juu ya kitambaa, na mikono ikakwama. Shamba la Angeline lilikuwa halina kirusi hicho. Likishakipata, lingekuwa nacho daima, na baada ya Angeline watoto wake wangekuwa nacho katika kila mmea, na hakuna mashine ambayo ingekitoa. Labda kisingefanya kitu. Labda kingefanya. Aliirudisha mbegu juu ya turubai.

"Mwenye virusi si mimi," alisema.

"Tulia, mama," akasema Kiunga. "Hapa hakuna anayekuhukumu."

"Sikilizeni. Yule msichana alisema *iko*, Mutembei akasikia *ako*. Mwenye virusi ni lusani. Mimi nimejua tangu nilipotoka Embu, nami nimenyamaza kwa sababu nililiogopa jembe."

Sauti zote zilitoka kwa pamoja.

"Kwa hivyo wewe ni mzima?"

"Na ile supu yangu yote?" Huyo alikuwa Angeline.

"Mutembei, umetuambia nini wewe?"

"Mimi nilisema nilivyoambiwa! Alisema 'ako'!"

"Lusani haiwezi kuwa 'ako', kijana. Lusani ina miguu?"

Kiunga aliipiga fimbo chini. Uso wake ulikuwa umebadilika. Huruma ilikuwa imeondoka na kuacha kitu kigumu zaidi, ambacho hakikuwa hasira. "Kama ni lusani, basi ing'olewe. Leo. Mama, nasikitika. Mimi niling'oa yangu ya viazi, unakumbuka."

"Nakumbuka."

"Nionyeshe mimea iliyo migonjwa."

"Ni yote."

"Inayoonyesha ugonjwa."

"Hakuna."

Kiunga alimtazama kana kwamba alikuwa amezungumza lugha ya kigeni. Kisha akaingia shambani, na watu wote wakamfuata. Akauchagua mmea mmoja, akaugeuza majani, akaung'oa mwingine, akaukagua mzizi. Wanawake waliinama pamoja naye. Waliona vinundu vidogo mizizini, jinsi lusani nzima inavyotakiwa kuwa navyo.

"Leteni glasi ya maji," alisema hatimaye.

Hapo hata watoto wa Kibirichia wanajua kinachofuata. Shina la kiazi likishukiwa kuwa na mnyauko hukatwa na kuning'inizwa katika glasi ya maji safi. Kama ni gonjwa, uzi mweupe kama maziwa huanza kuteremka ndani ya maji, na hapo hakuna wa kubisha. Kiunga alilikata shina la lusani kwa kisu chake, akalichovya, akaiinua glasi juani. Watu wakaizunguka. Nzi mmoja alitua ukingoni akaondoka. Maji yalibaki maji.

"Subirini kidogo," akasema Kiunga.

Wakasubiri. Akalikata shina jingine, nene zaidi. Maji yakabaki maji.

"Haitoi," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Kajuju amjue, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza.

"Haina cha kutoa, mwenyekiti. Hapo ndipo mimi pia nimekwama."

"Kitu ambacho maji hayakioni ni ugonjwa wa namna gani?"

"Msichana anasema si ugonjwa."

"Na hakiponi?"

"Hakiponi."

"Kinaenda shamba la jirani? Na upepo? Na jembe?"

"Kwa mbegu tu, na kwa chavua ya maua. Ukipanda mbegu yake, umekipanda."

Angeline, ambaye alikuwa bado ameshika kitambaa chake kitupu, alikohoa. "Mwenyekiti, na ile lusani ya kwako kule chini, mbegu ilitoka wapi?"

Kiunga aliishusha glasi. "Mke wangu alipewa."

"Na nani?"

"Na Ciakuthii."

"Na ya Mama Kananu? Na ya kanisani?" Wanawake wakaanza kutajiana mashamba, na kila shamba lililotajwa lilirudi kwa marehemu yuleyule aliyekuwa akigawa mbegu kwa mkono uliojaa kila alipotembelea watu. Waliokuwa hawana lusani walijisogeza kando kidogo, kisha, walipogundua kwamba hapakuwa na cha kuogopa kukigusa, wakarudi tena, wakiwa hawana hakika.

Kiunga aliyamwaga maji ya glasi chini. Alitazama upande wa shamba lake, ambalo lilikuwa limewalisha ng'ombe wake asubuhi hiyohiyo, wakakamuliwa vizuri.

"Sitang'oa," alisema. "Sijui ninachokataa kung'oa, lakini sitang'oa. Ila mbegu hii haitapandwa katika shamba lisilo na lusani ya Ciakuthii hadi Embu watuambie kinafanya nini. Mama, rudisha mbegu yako ndani. Mko pamoja nami?"

Wengine walisema ndiyo, wengine walisema watafikiri, na mmoja aliuliza kama maziwa waliyokwisha kunywa yalikuwa na neno. Akaambiwa hayana, akauliza aliyemwambia amejuaje. Kajuju aliikusanya mbegu ndani ya gunia. Shamba lake lilikuwa limepona, kama neno kupona lingeweza kutumika kwa kitu kisichougua, na mbegu yake ilikuwa imekataliwa, na hakujua kama afurahi. Angeline alimshikia mdomo wa gunia.

"Ungeninyamazia tu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Mimi ningepanda, na singejua."

"Ndiyo sababu nimesema."

"Sasa nimejua, na bado sijui."

Mutembei alibaki nyuma wakati wengine walipokuwa wakiondoka. Alikuwa ameiweka mizani begani, naye alionekana mnyonge.

"Mama, kesho asubuhi foleni nzima itaniuliza. Niseme nini? Niandikie."

"Hakuna haja ya kuandika. Sema: lusani ya Kajuju ina virusi, lakini haiugui."

"Lusani ya Kajuju ina virusi lakini si mgonjwa."

"Lusani si mtu. *Haiugui*."

"Haiugui. Na nikiulizwa, kama haiugui ina virusi vya nini?"

Kajuju alilifunga gunia, akafikiri. Zizini ng'ombe walikuwa wameanza kulia, kwa maana saa ya malisho ilikuwa imepita watu wote wakiwa wanaitazama glasi ya maji.

"Waambie hujui."

"Karani hawezi kusema hajui."

"Basi waambie mimi ndiye nisiyejua," alisema, akachukua mundu, akaingia katika lusani kuwakatia ng'ombe.